Mwanangu anachana karatasi na kuonja gundi: nimpe kazi gani za mikono?

"Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 2 na miezi 4, dada yake ana miaka 5. Nimeamua kupunguza simu na televisheni nyumbani, nikaanza kuwatafutia kazi za mikono. Juzi nilikaa usiku nikakata maumbo ya samaki, macho, mapezi na kila kitu, ili asubuhi wabandike tu. Mdogo alikaa kama dakika 4, akalamba gundi, akamchana samaki wake vipande vipande, akaondoka zake. Mkubwa alibandika, akamtazama samaki wangu wa mfano, akaanza kulia kwamba wake ni mbaya, akaniomba nimfanyie. Mwishowe samaki wote wawili nimewamaliza mimi. Je, mdogo ana tatizo la utulivu? Mkubwa mbona anakata tamaa upesi hivi? Naomba pia kazi rahisi ambazo vifaa vyake naweza kutengeneza mwenyewe. Na je, rangi na unga wa kuchezea wa nyumbani ni salama kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni?"

Pole kwa siku hiyo, mama, na hongera kwa kukaa usiku ukiwakatia samaki huku umechoka. Maswali yako ni manne, lakini naona lile linalokukosesha raha ni la kwanza, kwa hiyo nianze nalo. Katika uliyoyaeleza sioni dalili ya tatizo kwa mtoto yeyote kati ya hao wawili. Ninachokiona ni kazi ya mtu mzima iliyokatwa vipande na kugawiwa watoto. Samaki alikuwa ameshafikiriwa, ameshachorwa na ameshakatwa kabla hawajaamka. Walichobakiziwa ni kuweka kila kipande mahali ulipokwisha kupachagua wewe. Mdogo akatafuta la kufanya, akaliona: kuchana. Mkubwa akaona kwamba jibu sahihi limeshawekwa mezani, na lake halifanani nalo.

Zile dakika 4 zisikutishe. Mtoto wa umri huo kukaa dakika chache tu kwenye kazi aliyochaguliwa na mtu mzima ni jambo la kawaida kabisa. Ukitaka kujua utulivu wake, mpime kwa kazi aliyoichagua mwenyewe. Mpe beseni lenye maji kidogo na vikombe viwili, kaa pembeni yake, uangalie saa. Watoto wengi wa umri wake watamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile mpaka wewe ndiye uchoke. Nasisitiza kukaa pembeni kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Mkimaliza, mwaga maji yote. Mtoto anayemimina maji dakika 10 bila kuitwa utulivu anao, ila ameuelekeza kwingine.

Sasa tuingie ndani ya mkono wenyewe, maana ukiuelewa mkono hutahitaji orodha ya mtu. Udhibiti wa mwili wa mtoto hukua kutoka katikati kwenda nje: shingo kwanza, kisha bega, kiwiko, kifundo cha mkono, na mwisho kabisa vidole. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, yote hiyo bado ni gegedu, ule mfupa laini ambao haujakomaa. Inageuka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, na wa mwisho huja mtoto akiwa anakaribia kubalehe. Kijana wako wa miaka 2, basi, anachora kwa bega. Ndiyo maana mistari yake ni mikubwa, inatoka nje ya karatasi na kuishia mezani, na ndiyo maana krayoni anaishika kwa ngumi kama anayeshika mchi. Hajakosea. Baadaye ataishika kwa vidole vinavyotazama chini, na kati ya miaka 4 na 6 wengi hufikia kile kishiko cha vidole vitatu tunachokitumia kuandikia. Usimbane vidole kumrekebisha. Mpe nafasi kubwa: bandika karatasi pana ukutani au sakafuni, achore akiwa amesimama au amepiga magoti. Na krayoni ikivunjika usiitupe. Kipande kifupi cha sentimita 2 au 3 hakishikiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vyenyewe vinajipanga bila somo. Kwa sasa, mpaka aache kutia vitu mdomoni, kipande hicho kitumike ukiwa umekaa naye, kisha kiondoke mezani.

Kulamba gundi nako kuna maelezo. Midomo na ulimi vina hisia kali kuliko sehemu nyingi za mwili, na mtoto mdogo huvitumia kupata habari ambazo vidole vyake bado havimpi. Tabia hii hupungua yenyewe, kwa wengi kati ya miaka 2 na 3. Mpaka hapo, wewe panga vifaa ukijua kwamba vitaonjwa.

Kwa hiyo nikipanga kazi ya mtoto sijiulizi "watengeneze nini leo?" Najiuliza "mikono ifanye nini leo?" Nachagua kitenzi. Lugha yetu inavyo vya kutosha: kuchana, kubandika, kufinyanga, kuchovya, kumimina, kutunga, kukunja, kukata. Samaki ni jina, na mtoto wa miaka 2 bado hana haja kubwa na majina ya vitu vya kutengeneza. Ukimpa kitenzi kimoja na kifaa kimoja, kazi imekamilika siku ile ile anapoanza.

Tuanze na kuchana, kwa kuwa yeye ameshakuonyesha kwamba ndiko aliko. Mtazame vizuri safari ijayo. Mkono mmoja unakuja kwake, mwingine unakwenda mbele. Kidole gumba na cha shahada vinabana. Macho yanafuata ufa. Mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, na huo ndio msingi wa kutumia mkasi, kufunga kifungo na kumenya tunda. Mpe magazeti ya zamani na karatasi zilizotumika. Kama karatasi inamshinda, mwanzishie ufa wa sentimita 2 pembeni, umwachie. Dada yake mpe kazi ya uchunguzi kwenye karatasi hiyo hiyo: gazeti likichanwa upande mmoja linakwenda mstari ulionyooka, likichanwa upande mwingine linakwenda kombo. Sababu ni kwamba nyuzi za karatasi hulala zikielekea upande mmoja mashine inapoitengeneza. Mwache augundue upande huo mwenyewe kabla hujamweleza. Nimemwona mtoto wa miaka 5 akijaribu karatasi baada ya karatasi, akizinusa, akizigeuza, kisha akaja kuniambia kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye siri, "Zote zina njia yake."

Vipande vilivyochanwa visitupwe, maana kubandika kunafuata. Kwa mdogo achana na gundi ya majimaji kwanza. Chukua utepe mpana wa kunata, uunyooshe kati ya miguu miwili ya kiti au ukutani, upande unaonata ukitazama nje, na ncha zake uzikaze kwa vipande vingine vya utepe. Anachukua karatasi, anaigusisha, inashika. Anaivuta, inatoka au inachanika. Hakuna cha kulamba, na hakuna mahali pasipo sahihi. Baadhi ya watoto hurudi kwenye utepe huo siku nzima, kila wakipita, wakaongeza kipande na kuondoka. Hiyo pia ni kazi ya mikono, hata kama haikufanyika mezani.

Dada yake anaweza kutumia gundi ya unga. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ongeza maji yafikie kikombe kimoja na nusu, kisha weka kwenye moto mdogo ukikoroga hadi iwe nzito na ianze kung'aa. Ikipoa iko tayari. Inashika karatasi na katoni vizuri, haishiki plastiki. Ihifadhi kwenye jokofu, na baada ya siku 3 au 4 itupe, maana haina kitu cha kuizuia isiharibike.

Ila ungenibana nichague kifaa kimoja tu kwa watoto wako wote wawili, ningechagua donge la kuchezea, yaani ule unga wa kuchezea uliouulizia. Donge maarufu kuliko yote duniani, Play-Doh, halikuanza kama kitu cha watoto. Kampuni moja ya Cincinnati, Marekani, ilikuwa ikilitengeneza kwa ajili ya kusafishia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani. Makaa yalipoacha kutumika majumbani biashara ikafifia, mwalimu mmoja wa watoto wadogo akalipeleka kwa wanafunzi wake, na mwaka 1956 likaanza kuuzwa kama kitu cha kuchezea. Unaweza kupika la kwako kwa dakika 15.

Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi laini, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya maji ya limau au siki, na vikombe 2 vya maji. Changanya vyote ndani ya sufuria kabla ya kuwasha moto, mpaka uwe kama uji mwepesi usio na mabonge. Rangi ya chakula, kama unayo, itie hapa. Weka moto mdogo na usonge kwa mwiko bila kuacha. Mwanzoni utadhani umeharibu, kwa sababu ni majimaji. Kisha unaanza kushika chini, mwiko unakuwa mzito ghafla, na unga wote unajikusanya na kuachana na kuta za sufuria. Hapo epua. Likipoa kiasi cha kushikika, likande mpaka liwe laini kama ndewe ya sikio. Likinata, lirudishe kwenye sufuria juu ya moto mdogo, ongeza unga kidogo, usonge tena, kisha liache lipoe.

Kinachotokea ndani ya sufuria ndicho kinachojibu swali lako la usalama. Joto likipita nyuzi 60 hivi, chembe za wanga hunywa maji na kuvimba, na hapo ndipo donge linapopata ule unyumbufu. Mafuta yanalizuia lisinate, limau linalainisha, chumvi inazuia ukungu. Na moto unaua vijidudu. Watu wengi hawajui kwamba unga wa ngano ni kitu kibichi: haujapikwa popote kabla ya kukufikia, na umewahi kukutwa na bakteria kama E. koli na salmonela. Kwa mtoto anayeonja kila kitu, donge lililokandwa kwa maji ya bomba tu, bila kupikwa, silipendekezi.

Lakini kupika hakuondoi chumvi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu dhana ya kwamba "cha jikoni hakina madhara" ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Kwa vipimo nilivyokupa, kipande cha ukubwa wa limau kina zaidi ya kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kuonja mara moja na kutema, jambo ambalo watoto wengi hufanya kwa sababu ya ladha yake, hakudhuru. Kumeza vipande vikubwa ni hatari: chumvi nyingi hupandisha sodiamu kwenye damu, na kwa mtoto wa kilo 12 vijiko 2 au 3 vya chai vya chumvi vinaweza kumdhuru vibaya. Lile donge jingine la kutengenezea mapambo ya kukaushwa, ambalo huwekwa chumvi kikombe kizima kwa vikombe 2 vya unga bila kupikwa, mwekee dada mtu tu, na mabaki yafungiwe mbali na mdogo na wanyama wa nyumbani. Kama mdogo ni wa kumeza kweli, si wa kuonja, ahirisha donge kwa miezi michache. Hatapungukiwa kitu.

Tahadhari mbili nyingine kabla sijaondoka kwenye donge. Chumvi inachoma penye mchubuko, na kwa mtoto mwenye ukurutu inakausha ngozi. Anawe mara tu akimaliza, umpake mafuta. Na mtoto mwenye mzio wa ngano asiguse kabisa. Lihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri. Likianza kunuka au kuota ukungu, litupe.

Siku ya kwanza mpe donge tupu, bila vifaa. Akiwa amelifinya, amelipiga, amelitoboa, siku ya pili au ya tatu mwongezee kijiko, kitana, kifuniko cha chupa kikubwa. Ukimwaga vifaa vyote siku moja, atacheza na vifaa na donge litabaki kando. Na wewe usimfinyangie ndege. Finyanga nyoka wako mwenyewe, mrefu na mbaya, ukiwa umekaa karibu naye. Atakuiga au hataiga.

Kwenye rangi sitakaa sana. Kwa mdogo, rangi bora ni maji: mpe brashi pana na kikopo cha maji, apake ukuta wa nje au sakafu ya saruji. Pakilowa panakuwa na rangi nzito, jua likipiga panapotea, anaanza upya. Akitaka rangi kwa mikono, mtindi mtupu uliotiwa rangi ya chakula unapakika kwenye sinia na ukilambwa haudhuru, mradi hana mzio wa maziwa. Kama hapendi kuchafuka vidole, tia vijiko viwili vya rangi ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu, toa hewa, funga, zungushia utepe kingo zote na uubandike mezani. Ataisukuma kwa vidole bila kuigusa. Ukimaliza, ondoa mfuko, maana mfuko wa plastiki mikononi mwa mtoto ni hatari ya kukosa hewa.

Dada yake mpe wanga wa mahindi vipimo 2 na maji kipimo 1, kwenye bakuli. Ule mchanganyiko ukiupiga kwa ngumi unakuwa mgumu kama kitu kikavu, ukiacha mkono utulie unazama polepole. Chembe za wanga zikisukumwa kwa haraka zinabanana zisipate pa kupita. Zikisukumwa taratibu maji yanazipa njia. Ataukunja mkononi uwe mpira, atafungua kiganja, mpira utayeyuka na kuchuruzika katikati ya vidole. Hapa hakuna samaki wa mfano wa kujilinganisha naye. Mabaki yatupwe kwenye pipa, yasimwagwe kwenye sinki, yataziba bomba.

Kuhusu mkasi, wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Akililia mkasi mimi humpa, ila ule wenye ncha butu, na ninakaa naye. Karibu na miaka 3 wengi wanaweza kukata mkato mmoja mmoja pembeni mwa karatasi, na baadaye kuikata karatasi kuvuka. Mstari ulionyooka huja karibu na miaka 4, mduara baadaye. Mtayarishie vipande vyembamba vya karatasi nzito, upana wa sentimita 2, ili mkato mmoja utoe kipande kizima. Furaha ya kuona kipande kinaanguka ndiyo inayomrudisha.

Sasa dada yake, ambaye swali lake ni zito zaidi kuliko linavyoonekana. Mtoto wa miaka 5 ameshaanza kuona vizuri kuliko anavyoweza kutenda. Jicho lake linajua samaki alivyo, mkono bado haufiki huko, na machozi yanatoka kwenye pengo hilo. Ni dalili ya akili inayokua. Lakini ukimwekea samaki wa mtu mzima mbele yake, pengo linakuwa korongo. Ukimmalizia, unamthibitishia kwamba wake kweli alikuwa mbaya. Najua ulifanya kwa huruma. Karibu kila mzazi niliyefanya naye kazi amewahi kufanya hivyo, nami nilipoanza nilikuwa nikiweka mfano mezani kila siku na kushangaa kwa nini watoto wakimya walikuwa wanazidi kunyamaza.

Kuanzia sasa mfano usiwepo. Akisema "nichoree", mjibu kwa maswali anayoweza kuyaona: "Samaki mwili wake umelala au umesimama? Mkia unaanzia wapi?" Akisisitiza, chora kwenye karatasi yako, kamwe usichore kwenye yake, na chora sehemu tu. Mpe pia kazi ambazo matokeo yake hayatabiriki: kudondosha rangi upande mmoja wa karatasi, kuikunja katikati na kuifungua; kuviringisha gurudumu la gari la kuchezea kwenye rangi; kusugua krayoni juu ya karatasi iliyofunika jani. Hakuna anayeweza kusema kwamba zimekosewa. Na chunga ulimi wako hata unapomsifu. "Nzuri sana!" inamfundisha kusubiri hukumu. Sema ulichokiona: "Upande huu wote umeujaza bluu, na hapa ukabonyeza sana." Badala ya kumuuliza "hiki ni nini?", mwambie "nisimulie."

Ajue pia, na wewe ujue, kwamba michoro ya watoto hupita hatua. Mikwaruzo kwanza, mizunguko, kisha karibu na miaka 3 duara lililofungwa. Karibu na miaka 4 duara hilo linaota miguu: mtu mwenye kichwa, macho na miguu inayotoka kidevuni. Watoto wengi sana hupita hapo, na hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba amesahau tumbo.

Je, usinunue kitu kabisa? Nakuambia ukweli wangu. Donge na gundi za nyumbani zinatosha. Rangi za nyumbani ni hafifu na huharibika upesi, kwa hiyo krayoni za watoto zinazofulika zinastahili kununuliwa. Na mkasi wa watoto nunua unaokata kweli. Usiokata humfanya mtoto adhani tatizo ni mkono wake. Kuna vitu sivitaki kabisa karibu na mdogo wako hata kama umeviona vikitumika: rangi ya ukutani, ambayo inaweza kuwa na madini ya risasi, gundi za papo kwa papo, ute wa kuchezea unaotengenezwa kwa boraksi (kemikali ya unga ya kusafishia), maputo, vimetameta, betri ndogo za mviringo na sumaku ndogo, na zile shanga za jeli zinazovimba majini, kwa kuwa zikimezwa zinaendelea kuvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo, na eksirei ya kawaida mara nyingi haizionyeshi. Kwa vitu vingine, tumia lile bomba la katoni linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Shanga, vifungo na maharagwe ya dada mtu yatoke mdogo akiwa amelala, na yahesabiwe yanaporudi.

Wakiwa pamoja, wape kifaa kimoja na vitenzi viwili: mdogo anachana, mkubwa anabandika alivyochana mdogo. Dakika 15 zinatosha, na isiwe kila siku. Kazi hizi hazitachukua nafasi yote ya televisheni, na hukosei ukiiwasha jioni uliyochoka. Kitambaa chenye maji kiwe mezani kabla hamjaanza, na kufuta meza kuwe sehemu ya kazi. Mdogo atakupenda kwa hilo.

Kuna mambo ambayo maelezo yangu hayatoshi na mtoto anahitaji kuonwa. Betri, sumaku au shanga ya jeli ikimezwa, au ukishuku tu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Betri inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Mtoto aliyekula donge la chumvi kisha akatapika, akawa na kiu kali, akalegea au akapata degedege, naye apelekwe mara moja, na usimlazimishe kutapika. Bila dharura, mwone daktari wa watoto kama mdogo anatumia mkono mmoja tu na mwingine anauacha umekunjwa, mgumu au umelegea. Kama amepoteza jambo alilokuwa analiweza. Kama hakuonyeshi vitu kwa kidole wala haunganishi maneno mawili. Au kama kwa mwezi mzima na zaidi anakula, si kuonja, udongo, karatasi au rangi, kwa kuwa hali hiyo wakati mwingine huambatana na upungufu wa madini ya chuma na huhitaji kipimo cha damu. Akikataa kugusa kitu chochote chenye unyevu kiasi cha kusumbua kula na kuoga, omba akuelekeze kwa mtoa tiba kwa vitendo, yule anayeshughulika na matumizi ya mikono na shughuli za kila siku. Kwa dada yake, nenda kama hawezi kuchora duara au mtu mwenye sehemu chache za mwili, kama mkono unamuuma kila akishika kalamu, au kama kulia kwa kushindwa kumeenea kwenye kula, kulala na kucheza na wenzake.

Ukifika kwa daktari, beba michoro mitatu minne ya kila mmoja, yenye tarehe nyuma na maneno aliyoyasema alipokuwa anachora. Na kama una video fupi ya mikono yake ikichana karatasi, mwonyeshe hiyo kwanza.